Chakula cha mchana ndani ya friji la vielelezo vya ubakaji, halafu tunaambiwa mageuzi yamekamilika!

Wakuu, hapa nilipo nachemka. Kuna mtu leo katuambia eti kile kikosi cha polisi cha London, Metropolitan Police, mnakijua wote, kimeshanyooka, tuache kufukua makaburi. Makaburi? CHAKULA CHA MCHANA kimewekwa friji moja na sampuli za waliobakwa, kikaharibu ushahidi!

Ripoti ya Louise Casey, aliyekichunguza kikosi hicho, ya Machi 2023 imeeleza yote. Friza limeshiba hadi linafungwa na askari watatu: mmoja anasukuma mlango, wa pili anaushikilia, wa tatu anabana komeo. Joto la 2022 likaja, friza jingine likafa, vielelezo vyake vyote vikatupwa. Muuza barafu wa mtaani analinda barafu zake kuliko hawa wanavyolinda haki ya mtu!

Na sampuli hizi hazina akiba. Pamba iliyochukuliwa sampuli ikikaa kwenye joto na unyevu, bakteria wanaila DNA. Aliyetiliwa GHB, dawa ya kulevya ya kumlewesha mtu, kwenye kinywaji, dawa hutoka kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi. Mkojo ule ukiharibika, utachukua upi tena? Ndiyo maana kila mfuko una namba ya lakiri na kila anayeupokea anasaini lebo. Sasa saini zote hizo za nini, kama mlango unafunguliwa na mwenye njaa? Chakula, jamani! Pembeni ya sampuli!

Kibwengo: Wiki hii uzi wa tatu, wote friji. Mkuu, kawe fundi friji tujue moja.

Mchaga wa Leeds: Friji ni dogo. Kifungu cha 60 cha sheria ya jinai ya 1994, cha kupekua watu mitaani, ndicho balaa: inspekta akisaini, kwa saa 24 yeyote eneo lile anapekuliwa bila hata kushukiwa. Waambieni vijana waulize askari yuko kituo gani, anatumia sheria ipi na anatafuta nini. Nakala ya kumbukumbu ya upekuzi inaombwa ndani ya miezi 3. Wengi wanaiacha, kesho hawana cha kushika.

Mwenye uzi: Sawa, lakini CHAKULA, mkuu!

Bi Kidude wa Pili: Mnakwepa hesabu. Baada ya 2010 askari takriban 20,000 waliondoka Uingereza na Wales, mwaka 2023 serikali ikatangaza imeajiri 20,000 wapya. Idadi imerudi, uzoefu haujarudi. Mpelelezi mzuri hapikwi kwa miezi sita.

Kibwengo: Na vikosi vya polisi 43 Uingereza na Wales, kila kimoja na kompyuta zake. Hapo hamsemi.

Nahodha: Kompyuta zipi wakati ukipiga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, unasikiliza muziki hadi betri inakata? Simu ikiibwa, ripoti mtandaoni uchukue namba ya kesi, bima wanaidai.

Mchaga wa Leeds: IMEI je, ile namba ya utambulisho wa simu, utaitoa wapi simu yenyewe ikiwa imeshaondoka?

Nahodha: Iko kwenye boksi ililokuja nalo. Msitupe maboksi.