Harmonika: tundu la 2 halilii. Tatizo ni chombo au ni mimi?

KipyengaMoro
Wakuu, habari za leo. Nina swali la kinanda cha mdomo, hii harmonika ndogo ya matundu 10. Yangu nilinunua kwa 18,000, kii ya C, mwili wa plastiki. Huu mwezi wa pili najifunza. Tundu la 1 linalia, la 3 linalia, la 4 ndiyo usiseme. Ila la 2 nikivuta hewa linakwama, linatoa mlio wa mbuzi aliyekabwa. Nikipuliza halina neno.

Jamaa yangu anayepiga gitaa kanisani anasema nalea ugonjwa, nijichange ninunue Marine Band ya Hohner, ya Kijerumani yenye mwili wa mti, maana ndiyo waliyopigia wakali wa blues kule Chicago. Kwa bei niliyotajiwa, hiyo ni kodi ya chumba changu ya miezi miwili. Kabla sijafunga mkanda, naomba mniambie: utamu uko kwenye chombo au kwenye mdomo wa mpigaji?

MjukuuWaAkodiani
Mkuu, usitoe hata mia kwanza. Vuta la 2, halafu puliza la 3. Kwenye harmonika ya C hizo ni noti moja, G. Zikilingana, chombo kizima. La 2 likiwa chini kidogo, kama mtu anayeimba ana usingizi, basi unalishusha mwenyewe bila kujua: taya limebana, ulimi umepanda, na unavuta kwa hasira. Tundu hilo linaweza kushuka nusu-sauti mbili, yaani hatua mbili ndogo za noti, la 3 linashuka tatu. Watu wa blues wanahangaika miaka kulishusha kwa kutaka, wewe unalishusha bure.

Vuta kama unavyofyonza uji wa moto ukingoni mwa bakuli. Taya lilegee, pumzi iteremke hadi tumboni.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Nimekulia Unguja, babu yangu alikuwa fundi wa akodiani za taarab. Akodiani na harmonika ni ndugu, ndani ya zote mna vilimi vya chuma vinavyotikiswa na hewa. Kwa hiyo harmonika yangu ya kwanza ilipokataa la 2, nikajiona na mimi fundi. Nikafungua kifuniko cha chini, maana vilimi vya kuvuta vinakaa huko nje nje, nikakinyanyua kilimi kwa wembe. Nikaharibu. Pumzi ikawa inapita fuuu, sauti hakuna. Babu aliitazama, akakirudisha kilimi kwa ukucha mpaka mwanya wa nchani ukakaribia unene wa kilimi chenyewe. Kisha akaitia mdomoni. Hakuwa mpigaji, hata wimbo mmoja wa harmonika hakuujua. La 2 likalia. Nikaichukua mimi: mbuzi. Yeye alikuwa anavuta pumzi za kizee, mimi nilikuwa navuta kama natoa maji kisimani.

Na hiyo habari ya mti na plastiki, mwili wa harmonika hautikisiki kama tumbo la gitaa. Kazi yake ni kugawa hewa na kutovuja. Nilishawahi kumpa mke wangu mgongo nikapiga wimbo uleule kwa ya mbao na kwa ya plastiki, nikamuuliza ipi tamu. Akaniuliza kwa nini nimeacha wali unaungua.

PwaniTanga
Naunga mkono nusu. Tusimwambie kijana kwamba chombo si kitu. Zipo za bei chee ambazo bamba la vilimi halikukaa sawasawa juu ya mwili, pumzi yote inaishia pembeni. Hiyo hata apewe mpiga mbizi, haipigiki. Na ukifika mbali zaidi, chombo kinakuwa na neno kubwa: Howard Levy wa Marekani anapata noti ambazo harmonika ya matundu 10 haikuwekewa kabisa, anapuliza kwa namna ambayo kilimi cha kuvuta ndicho kinachojibu. Mwanya wa kilimi ukiwa mkubwa, hapo utapuliza mpaka macho yatoke.

Ila huyo mpiga gitaa naye anapotosha. Marine Band ilianza kuuzwa 1896 na ilikuwa ni harmonika ya dukani tu, si ya kuagiza kwa fundi. Little Walter, mmoja wa hao wakali wa Chicago, aliifumbata pamoja na maiki ndani ya viganja, akaipitisha kwenye amplifaya, ikawa mnyama mwingine.

Nami nilikuwa na ya mbao, ya kampuni nyingine. Mbao ikinywa mate inavimba, vikuta vya katikati ya matundu vinachomoza mbele. Jumapili moja nilitoka kupiga nina midomo kama niliyekula mananasi mabichi.

KipyengaMoro
Mrejesho. Nimepima kwa programu ya kutyuni kwenye simu. La 2 liko chini, nimekubali. Nikavuta kiuji-uji, likapanda karibu kabisa na la 3. Si kila mara, labda mara tatu katika kumi, na nikikumbuka kwamba nasikilizwa linarudi kuwa mbuzi.

Lakini la 7 kuvuta limekufa leo asubuhi. Uji haujasaidia, na pumzi za kizee pia. Hapa si chombo jamani?

MjukuuWaAkodiani
Fungua kifuniko cha chini, umulike kwa tochi. Usiguse kitu. Wembe uache kabatini.

KipyengaMoro
Nimeona. Kipunje cha kashata kimekaa kati ya kilimi na bamba. Nimekitoa kwa ncha ya karatasi, linalia.

MjukuuWaAkodiani
Sukutua kabla ya kupiga. Na kodi ya watu lipa.