Rimiksi yangu ya brekibiti: besi inameza kiki, naombeni ushauri

Mchanga_Sauti: Habari zenu wakuu. Lebo moja ndogo imenipa faili za wimbo mpya wa brekibiti (muziki unaojengwa juu ya breki, yaani vipande vya ngoma tupu), kila ala peke yake, niufanyie rimiksi. Wimbo wa asili unakwenda biti 132 kwa dakika, mimi nimeupandisha hadi 170. Kwenye hedifoni unanipa raha kweli. Nikiuweka kwenye spika kubwa, kiki, ile ngoma nzito ya mguu, inazama ndani ya besi, nasikia mvumo tu. Kwenye simu ndiyo balaa: besi haipo kabisa, na mwimbaji anasikika kama anakimbizwa. Wimbo uko kwenye ufunguo wa F. Zimebaki siku tisa. Nianzie wapi?

FundiBesi: Mkuu, F ya chini iko kwenye 44 Hz hivi, yaani mitetemo 44 kwa sekunde. Spika ya simu haina uwezo wa kuitoa, hata uongeze sauti vipi. Nakili besi iwe mbili. Nakala ya pili kata kila kitu chini ya 120 Hz, kisha itie mkwaruzo kidogo. Sikio likipata sauti hizo za juu, noti ya chini linajijazia lenyewe. Ile besi ya chini iache katikati, usiitandaze kushoto na kulia.

Snea_Kavu: Naongezea. Kiki yako ipe nafasi kwenye 60 Hz hivi, na kila inapogonga besi ishuke kidogo kisha irudi. Halafu sikiliza breki uliyoweka juu yake, ina kiki yake ndani. Hizo mbili ndizo zinazogombana! Mimi breki huikata chini ya 150 Hz, kiki moja itawale.

Mama_Jungle: Mdogo wangu, hayo yote sawa, ila mimi naona ugonjwa mkubwa ni mwendo. Kutoka 132 hadi 170 ni karibu asilimia 29. Ngoma zinavumilia. Breki ya "Amen, Brother" ya The Winstons, 1969, ni sekunde kama 7 tu alizopiga Gregory Coleman, kwa mwendo wa 136 hivi. Watu wa jungle, muziki wa breki za kasi, waliipandisha kupita 160, wakaikatakata pigo kwa pigo, ikazidi kunoga. Sauti ya mtu haivutwi hivyo. Shuka hadi 140, ni asilimia 6 tu, au ubaki 170 uchukue maneno mawili matatu ya mwimbaji, uyapange upya.

Mchanga_Sauti: Asante sana dada. 170 siiachi, moyo wangu uko hapo. Nimejaribu sasa hivi: neno moja tu la kiitikio, mwendo wake wa asili, linaingia kabla ya besi. Nimesisimka. Kiki nayo imetoka baada ya kukata breki.

FundiBesi: Safi. Je, ngoma za wimbo wa asili ni sampuli, yaani zimekatwa kwenye rekodi ya mtu mwingine? Iulize lebo kwa maandishi kama wana kibali, na kama kinagusa rimiksi. Uliza leo, kabla hujamaliza.

Mchanga_Sauti: Nawaandikia sasa hivi mkuu. Kesho usiku naweka hapa dakika moja mnisikilizie.