Zabbix imegoma kuwaka baada ya kupandisha 5.0 kwenda 7.0, na diski ya bakapu imejaa wakati prune ilikuwa inapita kila siku

fundi_wa_rack

Wakuu habari za jioni, yamenikuta mawili kwa mpigo na kichwa kinaniuma kweli, nitaeleza yote hapahapa mnisamehe kwa urefu.

Nasimamia seva tatu za ofisi moja hapa Mwanza yenye matawi mawili nje ya mji. Ya kwanza ina mafaili na databesi ya mauzo, ya pili kazi yake ni bakapu tu (programu ya borg, diski ya 2TB yenye mfumo wa mafaili wa ext4), ya tatu ni Zabbix, monita inayolia seva zikipata shida. Mbili za mwanzo nilizitoa Debian 11 kwenda 12 mwezi wa tatu, hazikusumbua hata kidogo nikajipongeza. Ya Zabbix niliiacha na 5.0 yake maana ilikuwa inapiga kazi, na mimi kitu kinachopiga kazi sikigusi. Sasa 5.0 ilishaisha muda wake wa kuhudumiwa Mei 2025, na juzi Jumamosi tarehe 22 ofisi imefungwa nikasema ngoja nimalize hili. Nikapandisha Debian, nikaweka repo ya 7.0, nikainstoo, nikawasha. Ikagoma. Kwenye logi kuna huu mstari:

`[Z3005] query failed: [1419] You do not have the SUPER privilege and binary logging is enabled`

Binlog (logi ya kila badiliko la databesi) niliiwasha mwenyewe kwenye MariaDB zamani nilipokuwa najifunza replikesheni, nikaisahau humo.

La pili ndio linanishangaza zaidi. Katika kuhangaika nikaingia seva ya bakapu, `df -h` inasema 100%. Lakini skripti ya usiku inafuta bakapu za zamani kwa `borg prune`, `--keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6`, na nikipiga `borg list` naona akaivu (bakapu moja moja) 17 tu kama inavyotakiwa. Hizo GB nyingine zimekaliwa na nini? Na Zabbix ilikuwa kijani muda wote, mwisho wa skripti kuna `logger "bakapu imekamilika"` na Zabbix inausoma huo ujumbe kila asubuhi.

Bosi hajajua bado. Nianzie wapi?

mzee_wa_terminali

Pole mdogo wangu. Anzia kwa kutoa mkono kwenye kibodi. Usiwashe tena zabbix-server, usirudishe toleo la zamani, usifute chochote kwenye diski ya bakapu kwa `rm` hata kama unaona faili unalidhani takataka, ukifuta segmenti ya borg (faili inamoweka data) kwa mkono umejimaliza.

Halafu nijibu kitu kimoja. Kabla ya kupandisha ulikuwa na dampu (nakala ya databesi kwenye faili) ya Zabbix? Usiniambie "ipo". Piga `ls -lh` unipe saizi.

fundi_wa_rack

Ipo mkuu, kila seva inapiga `mysqldump | gzip` usiku saa nane inaweka kwenye /mnt/bakapu, Jumamosi kabla sijaanza niliangalia nikaona faili la tarehe 22 lipo ndio nikaendelea. Ngoja nikupe saizi.

fundi_wa_rack

Sifuri.

Zote sifuri kuanzia tarehe 4. Majina yapo, tarehe zipo, ndani hamna kitu. Za databesi ya mauzo nazo hivyohivyo. Akaivu ya mwisho ya borg ni ya usiku wa tarehe 3.

mzee_wa_terminali

Basi Zabbix iweke pembeni kwanza, hiyo ni monita tu, ikilala siku mbili hakuna atakayekufa. Una karibu wiki tatu za mauzo bila bakapu na ndio moto wako wa leo. Chukua diski yoyote ya nje, hata ya kuazima, chomeka kwenye seva ya mauzo, piga dampu sasa hivi na ikimaliza tazama mstari wa mwisho:

`tail -1 mauzo.sql`

Mysqldump ikifika mwisho salama inaandika `-- Dump completed on` na tarehe. Usipouona huo mstari hiyo sio dampu hata ikiwa na GB kumi. Mimi huu mstari ndio naufanyia grep kwenye skripti zangu zote, nilijifunza kwa maumivu miaka hiyo nikiwa nahudumia duka la dawa, faili lilikuwa linakatika katikati kila siku kwenye jedwali moja lililoharibika na mimi nalizipu vizuri kabisa nalituma.

Na kingine, naona unatumia bomba, `mysqldump | gzip`. Kwa bomba hivi shell inakupa jibu la gzip peke yake, mysqldump ikifa katikati gzip inafunga faili kwa amani na kusema sifuri, yaani salama. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti.

DadaSeva

Naingilia kwenye diski maana hii nimeipitia mwenyewe neno kwa neno 😅

Fundi, Debian 11 ilikuja na borg 1.1, Debian 12 ina 1.2. Kwenye 1.1 ukipiga prune inafuta akaivu na nafasi inaachiwa palepale. Kuanzia 1.2.0 walitenganisha, prune inatoa akaivu kwenye orodha tu, data yenyewe inabaki imelala kwenye segmenti mpaka upige `borg compact`. Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu wewe unafuta majina tu, mizigo yote iko stoo. Ndio maana list inakuonyesha 17 na diski inalia. Imeandikwa wazi kwenye changelog yao, ila nani kati yetu anasoma changelog wakati apt inauliza Y/n.

Dawa ni hiyo compact lakini ina mtego: yenyewe inaandika segmenti mpya kwanza ndio inafuta za zamani, kwa hiyo diski ikiwa imejaa kabisa inaweza kukwama na wewe. Bahati yako ni ext4. Ext4 inamwekea root asilimia 5 ya diski pembeni kama hukuibadilisha, kwa 2TB hiyo ni kama GB 100 ambazo yuza wa kawaida hazioni. Pima kwanza ni diski ipi (tafadhali, usije ukatukosea) halafu:

`tune2fs -m 1 /dev/sdb1`

Haihitaji kuchomoa diski, unapata kama GB 80 papo hapo. Kisha kwenye seva ya bakapu yenyewe, kwa yuza anayemiliki repo na sio root, la sivyo mafaili mapya yanakuwa ya root na usiku borg inagoma tena kwa ruhusa:

`sudo -u borg borg compact --progress --cleanup-commits /srv/borg/ofisi`

Hiyo `--cleanup-commits` ni mara moja tu baada ya kutoka 1.1, inasafisha vifaili vya baiti 17 ambavyo toleo la zamani liliviacha kwa maelfu. Haiombi paswedi ya repo, usishtuke. Ikiisha, ongeza mstari wa compact kwenye skripti chini ya prune, na weka `borg config /srv/borg/ofisi additional_free_space 2G` ili siku nyingine ikikaribia kujaa isimame ikiwa bado na pumzi ya kujifuta.

hamia_leo

Mnajitesa bure na hizo Zabbix za enzi hizo, weka Prometheus na Grafana mambo yaishe.

DadaSeva

Mkuu Prometheus ikiambiwa "bakapu imekamilika" na yenyewe si itaamini? Hapa skripti ndio ilidanganya.

pwani_root

Salaam kutoka Mombasa. Nitaongelea Zabbix tu, hayo mengine mshayamaliza.

Kosa la 1419 si kubwa. Kuanzia 6.0 Zabbix inatengeneza triga zake ndani ya databesi (amri zinazojiendesha data ikibadilika), na kama binlog imewaka na yuza wa zabbix si mkubwa, MariaDB inakataa. Wa MySQL 8 wanakutana nalo zaidi kwa sababu huko binlog huwa imewaka tangu mwanzo, kwenye MariaDB ni mpaka uwashe mwenyewe kama ulivyofanya. Ila databesi yako sasa imesimama njiani, kuna hatua zimeshapita na nyingine bado, na kurudi 5.0 hakuna bila dampu ambayo huna. Kwa hiyo kabla ya jaribio jingine lolote zima MariaDB kabisa, nakili folda nzima `/var/lib/mysql` kwa `cp -a` uiweke diski nyingine. Ikizimwa vizuri hiyo nakala ni bakapu halali, ikiharibika zaidi unarudisha folda unaanza tena hapohapo.

Halafu ingia kama root wa MariaDB:

`SET GLOBAL log_bin_trust_function_creators = 1;`

Washa zabbix-server, fungua `tail -f` kwenye logi ukae nayo. Itahesabu asilimia, `completed 10% of database upgrade` na kuendelea. Kuna sehemu itakaa asilimia moja muda mrefu ukadhani imekufa, haijafa, usiizime! Wengi wanaharibu hapo. Ikimaliza rudisha hiyo 1 iwe 0.

Mambo mawili utakutana nayo baadaye. Ejenti za zamani (programu ndogo zinazotuma vipimo) kwenye mashine nyingine ziache, zitaendelea kuongea na seva mpya bila shida. Lakini kama matawi yako yana proksi ya 5.0 (inayokusanya vipimo vya tawi na kuvituma kwa seva), seva ya 7.0 haiitambui, inavumilia mpaka LTS (toleo la kuhudumiwa muda mrefu) moja nyuma tu, yaani 6.0. Tawi litakuwa kimya mpaka upandishe na proksi. La pili, ukifungua ukurasa wa taarifa za mfumo utaona inalalamika jedwali za historia hazijapandishwa. Hiyo haijifanyi yenyewe, kuna skripti ya SQL ya mkono inayoweka praimari kii, na inataka nafasi ya diski maana data inanakiliwa jedwali kwa jedwali. Si ya leo wala kesho.

Kingine kidogo: ukija kurudisha dampu ya MariaDB mpya kwenye mashine ya zamani ikakuambia `Unknown command '\-'` mstari wa kwanza, usilie, dampu ni nzima. Tangu 2024 wanaweka juu mstari wa "sandbox mode" ambao kliyenti za zamani haziuelewi, futa huo mstari mmoja tu.

fundi_wa_rack

Wakuu nimerudi. Sijalala ila nina habari.

Mauzo: nimeazima diski ya nje kwa jamaa wa duka la simu hapo chini, dampu imepita, `-- Dump completed on` nimeiona kwa macho yangu nikapiga picha kabisa.

Borg: tune2fs ikanipa nafasi, compact ikatembea masaa matatu na kitu. Diski imetoka 100% imefika 58%. Yaani zaidi ya GB 700 zilikuwa akaivu nilizofuta tangu mwezi wa tatu 🤦🏾‍♂️

Zabbix: nilinakili folda, nikaweka hiyo 1, ikaanza kuhesabu, ikakaa kwenye 73% dakika kama arobaini, nilikuwa nimeshika waya wa UPS kwa mkono nikiomba umeme usikatike. Ikamaliza. Triga zangu zote za zamani za Zabbix (masharti ya kulia) zimebadilishwa zenyewe kwenda sintaksi mpya, sikuandika hata moja upya.

Tawi moja kimya kama pwani_root alivyosema. Na nimemwambia bosi. Aliuliza swali moja tu, "kwa nini haikulia?" nikakosa jibu.

DadaSeva

Haikulia kwa sababu ulikuwa unapima skripti kama imefika mwisho, na skripti ya bash bila `set -e` inafika mwisho hata nyumba ikiungua, mstari wa logger upo chini unasubiri zamu yake tu. Acha kabisa huo ujumbe. Pima umri wa akaivu yenyewe. Tengeneza aitemu ya trapa (inayopokea kipimo unachoitumia), iite mfano bakapu.mwisho, halafu kwenye seva ya bakapu uliza borg akaivu ya mwisho ni ya lini (`borg list --last 1`), igeuze iwe sekunde, itume kwa zabbix_sender. Triga:

`now()-last(/seva-bakapu/bakapu.mwisho)>93600`

Hiyo ni masaa 26. Skripti ife, cron (ratiba inayoiwasha usiku) ife, diski ijae, seva yenyewe izimwe, umri unaendelea kupanda na italia. Borg nayo inakupa 0 ikiwa safi, 1 onyo, 2 kosa, ile 2 usiimeze. Na nafasi ya diski lia kwenye 80, huko 95 umeshachelewa.

mzee_wa_terminali

Na ukiweka nakala ya pili ya bakapu, iweke ndani ya nchi mkuu, au hata kwenye tawi. Wengi tulikuwa tunasukuma usiku kwenda seva za Ulaya tukijiona wajanja, nyaya za intaneti za baharini EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja Mei 2024 kazi ya usiku mmoja ilikuwa haijaisha mpaka mchana wa pili na ofisi inalalamika intaneti.

Ila hujaniambia jambo moja. Umerudisha faili lolote kutoka kwenye hiyo borg baada ya compact?

fundi_wa_rack

Nimerudisha leo mchana mkuu. Nimechukua akaivu ya tarehe 3 nikatoa dampu ya mauzo, nikaipandisha kwenye MariaDB ya laptopu, nikamwita mhasibu atafute risiti yoyote ya mwezi wa kumi anayoikumbuka. Akataja moja ya mabati, ipo na bei yake. Ameniangalia kama mchawi.

Triga ya DadaSeva nimeiweka, nikazima cron makusudi, kesho saa kumi alfajiri nategemea ilie. Proksi ya tawi naifuata mwenyewe, basi la saa kumi na mbili.