Kinanda kimekuwa bubu baada ya kukifungua mwenyewe, msaada kabla ya Jumapili

Tenor wa Pili: Wakuu habari za jioni. Nina kinanda cha umeme cha kii 61, cha siku nyingi ila kilikuwa kinapiga vizuri tu isipokuwa noti za katikati zilianza kugoma, ukibonyeza mara inalia mara hailii. Nikaangalia YouTube nikaona ni uchafu kwenye zile raba za chini ya kii, nikakifungua nikafuta kwa spiriti nikaacha zikauke nikafunga. Sasa nikiwasha taa inawaka, kioo kinaandika kama kawaida, lakini kimyaaa, hata mkwaruzo hakuna na volyumu iko mwisho. Nahisi bodi imekufa. Kuna jamaa anayo bodi ya kinanda kama hiki, je ninunue? Nakihitaji kabla ya Jumapili.

Mla Kande: Kiacheni, kipo kwenye mfungo.

Mjukuu wa Pili: Mi nakushauri hamia gitaa kavu mkuu, halina taa wala bodi. Mjomba wangu alipiga gitaa lenye nyuzi nne tu mpaka akaoa.

Fundi Solda: Usinunue chochote kwanza. Ukibonyeza demo, ule wimbo wa mfano uliomo ndani ya kinanda, inapiga? Ukichomeka hedifoni unasikia kitu? Na waya zote ulizirudisha? Demo ikipiga halafu kii hazipigi, basi angalia ule utepe mweupe wa waya unaotoka kwenye kii kwenda kwenye bodi, watu wengi wakifunga unakaa upande kwenye soketi. Demo nayo ikiwa kimya tunahamia upande wa sauti.

Tenor wa Pili: Demo namba zinatembea kwenye kioo ila kimya. Waya nilirudisha zote. Halafu hiyo bodi jamaa anasema inakuja na kila kitu, ndio maana naona bora nimalize mara moja.

Mama Kayai: Nyie wanaume na bisibisi zenu. Baba watoto aliamua kutoa barafu kwenye friza kwa kisu, eti kusubiri iyeyuke ni uvivu, katoboa bomba gesi ikatoka yote fsssss. Friji hadi leo ni kabati la vyombo na ukimuuliza anasema lilikuwa na ugonjwa wake kabla.

Fundi Solda: Mkuu hujajibu la hedifoni.

Tenor wa Pili: Hedifoni sina, ninazo za simu tu na haziingii.

Fundi Solda: Hazitaingia, tundu la kinanda ni milimita 6.35 na pini ya simu ni 3.5. Kuna kichwa cha kubadilishia, nenda duka lolote la spea za redio.

Tenor wa Pili: Nimekipata. Sauti ipo, tena safi, hata zile noti za katikati zinalia zote. Ila kwenye spika hamna. Kwa hiyo ni bodi si ndio?

Fundi Solda: Bodi gani tena wakati sauti inatengenezwa na wewe mwenyewe umeisikia?? Tatizo liko kati ya amplifaya na spika. Ulizifanya nini spika?

Mla Kande: Jibu kabla hajakasirika.

Tenor wa Pili: Spika zimefungwa kwenye mfuniko wa juu na waya zake ni fupi, mfuniko ukawa haunyanyuki, nikazikata. Sikusema kwa sababu nilishaziunga, sio tatizo hilo. Nyekundu kila moja na mwenzake, nyeusi zote nne nikazisokota pamoja nikazungushia selotepu, maana nyeusi ni ethi, hata kwenye gari wanaunga hivyo hivyo.

Fundi Solda: Daah. Vinanda vingi IC (ile chipu) ya amplifaya inasukuma spika kwa waya zote mbili, hiyo nyeusi siyo ethi, nayo inabeba sauti. Ukiziunga za kushoto na kulia IC inaona kama shoti, yenye bahati inajizima kujilinda, isiyo na bahati inaungua. Zitenganishe, kila spika na jozi yake, uzilehemu sio selotepu. Kabla ya kuwasha chukua betri ya 1.5 gusisha kidogo tu kwenye waya za spika, ikisema "tap" spika nzima. Na kama haraka yako ni Jumapili, toa waya kwenye hilo tundu la hedifoni upeleke kwenye mikisa, anza na volyumu ya chini.

Tenor wa Pili: Asante mkuu ila jamaa nimeshamtumia advansi. Na bodi mpya ni bodi mpya tu, itadumu.

Mama Kayai: Kwani Jumapili kuna nini? Hicho kinanda ni cha nani?

Tenor wa Pili: Ni cha kwaya. Nilikichukua nyumbani kwa ajili ya mazoezi. Mwenyekiti nitamwambia umeme ulirudi na nguvu, mbona hilo linatokea kila siku.

Mama Kayai: Uongo, tena wa madhabahuni! Mwanangu tubu.

Mchunguzi Huru: Chai hii, tena ya rangi. Akaunti ya juzi, kila akijibiwa anarudi kwenye bodi, bodi, bodi. Huyu ndiye jamaa mwenye bodi, subirini atupie namba ya simu. Na kwaya gani inaruhusu mtu aondoke na kinanda?

Mjukuu wa Pili: Kweli aisee. Picha au ni chai.

Tenor wa Pili: Sina haja ya kumdanganya mtu. Hii hapa [picha]

Mchunguzi Huru: Hizo waya zinaweza kuwa za kitu chochote. Mbona umeficha nembo?

Sopranoo: Huo mkoba wa kitenge chini ya kinanda nimeushona mimi. Mwalimu, tulikuuliza Alhamisi ukasema kinanda kiko stoo!

Mla Kande: 😂😂😂 navuta kiti

Tenor wa Pili: Mods naomba uzi ufungwe.

Fundi Solda: Kabla hawajakuita kikaoni tenganisha hizo nyeusi. Halafu advansi ulituma shilingi ngapi?