Mafunzo ya Haskell, lugha ya kuandikia programu, hapa Tanga: ada mmechukua, kompaila hatuna!

Wakuu, chuo sikitaji wala mtu simtaji, ila wahusika mnajijua. Darasa lipo Ngamiani, ada ililipwa yote mwanzoni, tangazo likasema "tunaanzia sifuri".

Sifuri ipi? Siku ya kwanza jamaa kasimama ubaoni kutusimulia Haskell Curry, yule mwanamantiki wa Marekani ambaye lugha imepewa jina lake, na ripoti ya kwanza ya lugha iliyotoka mwaka 1990. Haya, tumesikia. Mara karukia monadi, dhana ngumu ya kuunganisha hatua za programu, ubao mzima mishale, na darasani hakuna laptopu hata moja yenye kompaila, ile inayogeuza kodi (code) unayoandika iwe programu. "Vifaa mtasakinisha nyumbani." Kwa bando la nani?

Huko nyumbani ndiko kwenye kasheshe. GHCup, kisakinishi cha Haskell, inashusha GHC (kompaila yenyewe), Cabal na Stack (za kujengea miradi), na HLS, yule msaidizi wa kuandikia kodi. Wa Windows tunaongezewa na MSYS2, furushi jingine la zana. Bando limeshalia hapo. Unafungua mradi wa mwalimu, kumbe faili lake la mipangilio, stack.yaml, limefungwa kwenye toleo jingine la GHC, basi Stack inaanza kushusha kompaila ya pili bila hata kupiga hodi! Ikimaliza, VS Code, programu ya kuandikia kodi, inanuna: HLS uliyoweka haiendani na toleo hilo. Uliza kwenye grupu uone jibu: "soma nyaraka".

Kinachoniuma zaidi, lugha yenyewe tamu. Nimefungua ghci, sehemu ya GHC ya kujaribia kodi mstari kwa mstari, nikaandika bei za machungwa ya Muheza, nichuje zinazozidi 200:

filter (> 200) [150, 250, 300]

Papo hapo ikarudisha [250,300]. Hakuna kuzungusha kitanzi (loop), na orodha ya mwanzo haijaguswa. Hili ndilo lilikuwa somo la siku ya kwanza! Kwa anayeanza, ghci inatosha kabisa, hizo monadi zingesubiri.

Sasa chagueni toleo moja la GHC ambalo HLS inalikubali, mradi wenu muufunge hapo hapo, halafu leteni mafaili kwenye flashi. GHCup inasakinisha hata kutoka faili lililopo kwenye mashine, ukiipa -u na anwani ya faili inayoanza na file://. Mkishindwa, rudisheni ada.

Wale wa "komaa dogo, kodi si lelemama" piteni kimya kimya. Mwenye GHC ya Windows kwenye flashi, awe Tanga mjini au hata Pongwe, aandike hapo chini, namfuata leo leo.