Uani mita 6 kwa 4, maji ya dumu: viroba, matuta ya kuinua au matuta ya kuzama?

NyumaYaJiko (Chanika, Dar)
Wakuu habarini. Nimepanga nyumba Chanika, na nyuma ya jiko kuna sehemu ya mita 6 kwa 4. Mwenye nyumba kaniruhusu niitumie, mradi nisijenge wala nisipande miti. Tuko watu watano na mboga tunanunua kila siku: leo mchicha, kesho matembele, keshokutwa chainizi. Fungu shilingi 500, na mafungu yenyewe yanazidi kukonda.

Udongo ni mchanga, ukiushika unapita katikati ya vidole. Bomba linatoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine nanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 300. Nimefikiria njia tatu: viroba vya salfeti vilivyojazwa udongo, matuta ya kuinua yaliyozungushiwa matofali (fundi kanitajia bei, nikaaga), au matuta ya kuzama kama niliyoyaona Dodoma. Ipi itanipa mboga nyingi kwa maji machache?

Jembe la Mkono (Morogoro)
Inua. Mimi nililima bapa mwaka wa kwanza, masika ilipokolea mizizi ikaoza, spinachi ikageuka njano ndani ya wiki. Mwaka uliofuata nikainua tuta sentimita 25, tatizo likaisha. Matofali ya nini? Vuta udongo wa njiani uweke juu ya tuta, kazi ya asubuhi moja.

Kibuyu (Dodoma)
Jembe, wewe uko kwenye mfinyanzi mweusi. Mwenzetu ana mchanga, tena maji ya kununua. Tuta la kuinua linakaushwa na jua na upepo kutoka juu na ubavuni pia. Kwenye mfinyanzi hiyo ni faida, kwenye mchanga ni kumwaga hela.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, baadaye ni vumbi tu. Nafanya hivi: nachimba sentimita 40, udongo wa juu naweka kushoto, wa chini kulia. Chini natandika mabua, majani makavu, maganda ya ndizi, chochote kinachooza, nakikanyaga na kukimwagia maji. Kisha narudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi ya mbuzi, ndoo moja ya samadi kwa ndoo mbili za udongo. Sirudishi wote. Uso wa tuta naubakiza chini ya njia kwa kiganja kimoja hivi. Ukimwagilia, maji hayana pa kukimbilia. Juu natandaza nyasi kavu ambazo hazijatoa mbegu.

Udongo wa chini uliobaki ndio kingo za tuta. Gharama yake ni jasho.

Ploti Nambari Tisa (Nairobi)
Mimi natetea gunia, maana ploti yetu haina hata pa kuanika nguo. Nina magunia manne kando ya ngazi, sukuma na terere (ndiyo mchicha wenu), na sijanunua mboga tangu Januari isipokuwa wageni wakija.

Siri iko katikati. Chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ukate chini na juu ubaki bomba. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto, halafu udongo na mbolea pembeni. Udongo ukifika kimo cha mkebe, vuta mkebe juu, jaza kokoto tena, endelea hivyo hadi juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe inayoshusha maji hadi chini. Asiyeweka hiyo nguzo, mboga za juu zinanenepa na za ubavuni zinakufa kiu. Nimeona magunia mengi ya hivyo, watu wanalaumu mbegu.

Gunia moja linabeba miche kama 30: ubavuni unatoboa matundu kwa kupishanisha, juu unapanda mitano sita.

NyumaYaJiko
Hilo la gunia linanivutia kwa sababu nyumba si yangu. Nikihama nahama nalo.

Ploti Nambari Tisa
Haha, pole. Gunia la kilo 90 za mahindi ukilijaza udongo uliolowa halibebwi na wanaume wawili. Utahama na miche na mkebe.

Hesabu za Nyumbani (Kibaha)
Tuweke namba, maana watu wanalima kwa hisia. Kipindi cha jua kali, mita moja ya mraba ya mboga inahitaji kama lita 5 kwa siku. Mtu akisikia 6 kwa 4 anapiga mita 24 mara 5, anapata lita 120, yaani madumu 6, shilingi 1,800. Kwa bei hiyo bora ununue mafungu matatu sokoni ulale.

Lakini njia hazinyweshwi. Ukipanga matuta manne yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 na nusu, unabaki na mita 14 za kumwagilia. Lita 70, madumu matatu na nusu, shilingi 1,050 siku ambazo bomba halitoki. Usizidishe upana wa mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani.

Halafu maji ya kuoshea mboga na mchele, nyumba ya watu watano haikosi ndoo nzima kwa siku. Hilo ni dumu moja umelipunguza. Ya kufulia yaache, sabuni ya unga ina chumvi.

Kibuyu
Na tuta la kuzama lenye matandazo, mimi baada ya miche kushika namwagilia siku moja naruka moja.

Mama Matembele (Tanga)
Nyote mnabishana juu ya chombo, hamjamuuliza atapanda nini na lini. Mwanangu, nikwambie kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipanda mchicha matuta yote siku moja. Wiki ya nne ukawa tayari wote. Tulikula mchicha asubuhi, mchana na usiku, nikagawa mtaa mzima, mwingine ukatoa mbegu. Wiki ya sita nilikuwa sokoni na kikapu kama kawaida.

Sasa tuta la mchicha nimeligawa vipande vinne. Kila wiki nasia kipande kimoja. Kipande kinachovunwa kinatiwa samadi siku hiyohiyo na kusiwa upya. Unalo jembe la mkono na nusu saa ya Jumamosi? Basi hukosi mchicha.

Matembele yapewe tuta lao peke yao. Omba vipande vya shina kwa jirani, ukubwa wa mkono, laza nusu yake ardhini. Unachuma ncha, yanatoa nyingine, ndiyo mboga ya mvivu. Tuta la tatu weka nyanya chungu, ile aina ya mbegu iitwayo DB3, isiyo chungu sana, mche mmoja unachuma miezi. Mistari iachane sentimita 75, usiibane. La nne chainizi na spinachi.

Nyanya za kawaida usianze nazo.

Jembe la Mkono
Mama shikamoo. Hapo kwenye nyanya nakataa. Familia bila nyanya inapika nini?

Mama Matembele
Marahaba. Inapika nyanya za kununua. Tangu kanitangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nyanya ya uani bila dawa ni kamari. Asubuhi unaona jani lina michoro myeupe kama mtoto kachezea chaki, wiki ya pili tunda lina tundu. Nilijaribu maji ya majani ya mwarobaini yaliyolala usiku kucha, kwa vidukari vya kwenye chainizi yananisaidia sana, ila mdudu akishaingia ndani ya jani humpati. Na usisahau nyanya, nyanya chungu, bilinganya na hoho ni ukoo mmoja. Zikitoka hapo, pasirudi mojawapo msimu unaofuata. Weka kunde, ule na majani yake.

NyumaYaJiko
Mama shikamoo, nashukuru. Swali: jirani anafuga kuku wa nyama, kanipa viroba vitatu vya mbolea bure. Nichanganye nichimbie leo?

Mama Matembele
Ukitaka kuunguza miche, chimbia leo. Mbolea ya kuku ni kali. Irundike kivulini na majani makavu, iloweshe kidogo, igeuze kila wiki. Ikipoa na kuacha kunuka amonia, ndiyo itumie. Mwezi hadi miezi miwili.

Hesabu za Nyumbani
Na kama unafikiria maji ya kisima badala ya dumu, yaonje kwanza. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Spinachi inavumilia, maharage yanagoma.

NyumaYaJiko (wiki ya saba)
Nirudi na mrejesho. Nilichimba matuta matatu ya kuzama, tuta la nne sikulichimba kwa sababu kivuli cha ukuta kinakaa hapo mpaka saa sita mchana. Hapo nimeweka viroba viwili vya mtindo wa Nairobi na mkebe, nikavisogeza mbele hadi jua lilipo kabla sijajaza udongo. Samadi ya mbuzi nilinunua, ya kuku bado inapoa.

Mchicha nimevuna mara tatu. Matembele nimeanza kuchuma wiki hii. Kununua mboga kumeshuka kutoka siku saba hadi siku tatu kwa wiki. Maji ni madumu mawili na ya kuoshea mchele. Kiroba kimoja nguzo ya mawe iliinama wakati navuta mkebe, na kweli upande huo sukuma zimedumaa, upande wa pili zinapendeza. Ploti, ulisema.

Ila mchwa wanakula matandazo, na kuku wa yule jirani, si wale wa nyama, wa kienyeji, wamechimbua kipande kizima cha mchicha wa wiki ya pili.

Kibuyu
Mchwa: majivu ya jikoni pembezoni mwa tuta, na nyasi zisigusane na shina. Na masika ikikaribia, Machi usichelewe, toboa mfereji kwenye kingo au jaza tuta liwe sawa na njia. Hapo ndipo Jembe atakuwa na haki yake.

Jembe la Mkono
Nimesubiri uzi mzima mtu aseme hivyo.

Mama Matembele
Kuku: chandarua chakavu, vijiti vinne, kingo zake uzifukie udongo. Jirani usigombane naye, mbolea yake bado unaihitaji.

NyumaYaJiko
Chandarua ninacho. Kesho asubuhi.