Mama katapika masaa manne kwenye benchi la dharura, kumbe cha kumtuliza kilikuwa kwenye trei ya sindano

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyohivyo.

Wiki iliyopita nilimkimbiza mama mzazi dharura, hospitali moja hapa Dar. Miaka 61, ana kisukari, anatapika tangu alasiri. Tumefika saa tatu usiku. Wakampima presha, sukari na joto, wakamweka kundi la njano, tukae tusubiri. Hapo sina neno. Wa kundi jekundu nimewaona kwa macho yangu, majeruhi wa bodaboda na mtoto anayehangaika kupumua. Watangulie. Foleni siilalamikii.

Ninacholalamikia ni kwamba maumivu waliuliza, "kuanzia sifuri hadi kumi, mama, unaumwa ngapi?" Kichefuchefu hakuna aliyekiuliza. Beseni hakuna. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo mama katapikia khanga yake mpaka ikalowa chapachapa, ndipo nikatoka nje kununua ndoo ndogo kwa muuza chai. Harufu ikawachokoza majirani wawili kwenye benchi, nao wakaanza. Mama yangu, mtu ambaye hata kupiga chafya mbele za watu anaona haya, kajifunika uso na mtandio akawa anawaomba radhi watu. Anaomba radhi kwa kuumwa! Kila nikienda dirishani jibu ni moja: "Kaka, subirini daktari, dawa haitolewi bila kuandikwa."

Saa saba usiku akapita sista mmoja wa makamo. Akasimama, akachana kile kipakiti cha swabu ya kufutia ngozi kabla ya sindano, akamsogezea mama chini ya pua. "Vuta pumzi ndefu kwa pua, mama. Toa kwa mdomo. Tena." Nilidhani anamfuta jasho. Akarudia na swabu nyingine mbili. Hazikupita dakika kumi mama akainua kichwa, akaomba maji.

Nikarudi nyumbani nikatafuta. Kumbe si siri ya yule sista peke yake. Mwaka 2016 jarida la Annals of Emergency Medicine lilichapisha jaribio la San Antonio, Texas: wagonjwa 80 wa dharura, baadhi wakinusa swabu za isopropili (ile spiriti ya kufutia ngozi kabla ya sindano), wengine swabu za maji ya chumvi. Baada ya dakika 10, walionusa isopropili kichefuchefu chao kilikuwa 3 kati ya 10, wenzao 6. Mwaka 2018 likatoka jingine, wagonjwa 122, wale ambao hawakuhitaji dripu papo hapo. Yaani watu wa benchi kama mama. Walionusa walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge cha ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, peke yake.

Tusije tukaumizana: ni swabu za isopropili za kwenye vipakiti, siyo spiriti ya chupa ya rangi, hiyo inaweza kuwa na methanoli. Na inatuliza tu, haitibu chanzo. Mama alikutwa na maambukizi ya figo, akawekewa dripu na dawa, anaendelea vizuri. Lakini yale masaa manne yalikuwa ya nini? Mgonjwa wa kisukari anayetapika anapoteza maji na vidonge vyake havikai tumboni.

Swabu ile haimezwi, haichomwi, na imejaa kwenye kila trei ya sindano. Inahitaji sahihi ya daktari kweli?

Manesi na madaktari mliomo humu, nijibuni. Nani anawazuia? Ni mwongozo, ni kuogopa kulaumiwa, au hamkufundishwa? Na fomu ya kupokelea wagonjwa ikiongezwa mstari mmoja wa kichefuchefu chini ya ule wa maumivu, anayeidhinisha ni nani, mganga mfawidhi au muuguzi mfawidhi wa idara? Barua nimeshaandika, nataka kujua niipeleke mlango upi.